Kati ya nani? Mwongozo kamili wa kukokotoa marudio linganishi yenye sharti kutoka jedwali la pande mbili

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alichapisha katika British Medical Journal hesabu ya watoto 290 wa Kiganda. Alikuwa amewapima mambo mawili tu: kama damu ya mtoto ina kinasaba cha selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), na kama ina vimelea vya malaria. Watoto 12 walikutwa na vyote viwili.

Sasa nikuulize: watoto hao 12 ni asilimia ngapi?

Mmoja atajibu 4.1. Wa pili atajibu 27.9. Wa tatu atajibu 9.6. Wote watatu wamegawanya sawasawa na vikokotoo vyao ni vizima. Tofauti iko kwenye swali ambalo kila mmoja amelijibu kimoyomoyo bila kulitamka: kati ya nani?

Mwongozo huu ni wa swali hilo. Kitaalamu tunachokitafuta kinaitwa marudio linganishi yenye sharti, jina refu linalotisha kuliko kazi yenyewe. Marudio ni idadi ya mara kitu kilivyoonekana, mfano watoto 12. Yanakuwa linganishi ukiyagawanya kwa jumla fulani ili upate desimali au asilimia. Yanakuwa na sharti pale jumla hiyo si ya watu wote, bali ya kundi moja ulilolitenga kwanza: wenye kinasaba peke yao, au wenye vimelea peke yao. Ukishalitenga kundi, waliobaki nje hawahesabiwi tena, si juu wala chini.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapa. Kundi linalotajwa baada ya maneno "kati ya" ndilo linalokwenda chini ya mstari wa mgawanyo. *Kati ya watoto wenye kinasaba*, wangapi wana vimelea? Basi chini ni watoto wenye kinasaba. Katika madaftari niliyosahihisha, makosa mengi ya mada hii hayakuwa ya hesabu. Mwanafunzi alianza kubofya kikokotoo kabla ya kuandika hiyo sentensi.

Jedwali kwanza

Jedwali la pande mbili huwapanga watu wale wale kwa sifa mbili kwa wakati mmoja. Sifa moja inakwenda kwenye safu mlalo, nyingine kwenye safu wima. La Allison ni hili:

| | Ana vimelea | Hana vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Ana kinasaba | 12 | 31 | 43 |
| Hana kinasaba | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

Visanduku vinne vya ndani (12, 31, 113, 134) vinabeba watoto waliopangwa kwa sifa zote mbili. Namba za pembeni, yaani 43 na 247 upande wa kulia, 125 na 165 chini, ni jumla za pembeni, na kila moja inajua sifa moja tu. 290 kwenye kona ni jumla kuu.

Kama unaanza na orodha ghafi, mfano daftari la zahanati lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa, usijaribu kurukia asilimia. Chora visanduku vitupu, pitia orodha mstari kwa mstari ukipiga kijistari ndani ya kisanduku kinachohusika, kisha jumlisha. Kila mtu aingie kisanduku kimoja, na kimoja tu. Wale ambao kipimo chao hakikusomeka waandike pembeni kwa idadi yao. Ukiwaingiza kimyakimya kwenye "hana", umeshaharibu kila asilimia itakayofuata.

Kabla ya kugawanya chochote, hakikisha jumla zinakubaliana. Safu mlalo: 43 + 247 = 290. Safu wima: 125 + 165 = 290. Kona ikitoa namba mbili tofauti, kuna mtu amehesabiwa mara mbili au amesahaulika. Hii ni kazi ya sekunde kumi, na watu huiruka.

Kuchagua sharti

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu hatua zinazofuata ni mgawanyo tu.

Andika swali lako kwa sentensi nzima yenye "kati ya". Jedwali letu linaweza kujibu maswali ya aina tatu.

La kwanza: kati ya watoto wote, wangapi wana kinasaba na pia wana vimelea? Chini ni 290. Hakuna kundi lililotengwa, kwa hiyo hakuna sharti. Hayo ni marudio linganishi ya pamoja: 12 ÷ 290 = 0.041, yaani asilimia 4.1.

La pili: kati ya watoto wenye kinasaba, wangapi wana vimelea? Chini ni 43, jumla ya safu mlalo. 12 ÷ 43 = 0.279, asilimia 27.9.

La tatu: kati ya watoto wenye vimelea, wangapi wana kinasaba? Chini ni 125, jumla ya safu wima. 12 ÷ 125 = 0.096, asilimia 9.6.

Kisanduku kilekile, 12 ileile, majibu matatu. La pili na la tatu ndiyo yenye sharti.

Utajuaje lipi linakuhusu? Kanuni ninayoifuata: sifa iliyotangulia kuwapo, au inayodhaniwa kuchangia, ndiyo inakuwa sharti, sifa inayodhaniwa kuwa matokeo ndiyo unayoihesabu ndani yake. Mtoto huzaliwa na kinasaba chake, mbu anamkuta nacho. Kwa hiyo swali la Allison lilikuwa la pili. Alikuwa na sababu ya kuliuliza hivyo. Katika safari ya utafiti ya mwaka 1949 alipima damu sehemu mbalimbali za Kenya, akaona kinasaba hicho kimejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu. Palipo na mbu wengi ndipo palipo na selimundu nyingi. Mtoto anayerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama huugua selimundu yenyewe, na zamani wengi walikufa mapema. Basi kwa nini kinasaba kibaya namna hiyo kisipungue? Dhana yake ilikuwa kwamba anayekirithi kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Hatua ya kwanza ya kuipima dhana hiyo ni mgawanyo wa 12 kwa 43.

Maneno ya swali mara nyingine hayana "kati ya". Mtihani utasema "ikiwa mtoto ana kinasaba…", "miongoni mwa…", "kwa watoto ambao…", "ukijua kwamba mtoto ana…". Yote hayo yanatangaza sharti. Maneno ya kuogopa ni "asilimia ya watoto wenye kinasaba na vimelea". Hapo "na" inaunganisha sifa mbili bila kutenga kundi, na chini inapaswa kuwa 290. Ukikutana na sentensi isiyoeleweka, iandike upya mwenyewe kwa "kati ya" kabla ya kuijibu. Ikikubali kuandikwa kwa namna mbili, kosa ni la aliyeiandika, eleza umeichukuaje.

Kukokotoa safu nzima

Asilimia moja ikiwa peke yake haisemi kitu. 27.9 ni nyingi au ni kidogo? Lazima uwe na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo unakokotoa kwa kila safu mlalo.

Wenye kinasaba, chini ni 43:
12 ÷ 43 = 27.9%
31 ÷ 43 = 72.1%

Wasio na kinasaba, chini ni 247:
113 ÷ 247 = 45.7%
134 ÷ 247 = 54.3%

Na safu ya jumla nayo usiiache, chini ni 290:
125 ÷ 290 = 43.1%
165 ÷ 290 = 56.9%

Ukiyapanga:

| | Ana vimelea | Hana vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Ana kinasaba (43) | 27.9% | 72.1% | 100% |
| Hana kinasaba (247) | 45.7% | 54.3% | 100% |
| Wote (290) | 43.1% | 56.9% | 100% |

Kila safu mlalo inajumlisha 100. Huo ndio uthibitisho wako kwamba sharti limekaa kwenye safu mlalo. Ukijaribu kujumlisha kwenda chini, 27.9 na 45.7 zitakupa 73.6, namba isiyo na maana yoyote. Hilo ni jambo zuri kulijua ukikutana na jedwali la asilimia la mtu mwingine lisilo na maelezo: jumlisha kulia, jumlisha chini, upande unaotoa 100 utakuambia mwandishi aligawanya kwa nini. Visanduku vyote vikijumlishwa pamoja vikatoa 100, basi aligawanya kwa jumla kuu.

Ninaweka idadi ya watoto kwenye mabano makusudi. Asilimia 27.9 ya watoto 43 na asilimia 27.9 ya watoto 4,300 haziaminiki sawa. Kwenye safu ya watu 43, mtoto mmoja tu akihama kisanduku, asilimia inaruka kwa pointi 2.3. Anayekuandikia asilimia bila kukuambia ni kati ya wangapi amekunyima nusu ya habari.

Kuhusu kukadiria, yaani kupunguza desimali: fanya mwishoni. Kuna njia nyingine ya kufika kwenye 27.9, nayo ni kuchukua marudio ya pamoja na kuyagawanya kwa marudio ya pembeni. Marudio ya pamoja ni 12/290, ya pembeni ni 43/290, na 290 zinafutana. Ni njia halali, na ndiyo pekee utakayokuwa nayo ukipewa jedwali lenye asilimia tupu bila idadi. Lakini ukitumia namba zilizokwisha kukadiriwa, 4.1 ÷ 14.8, unapata 27.7 badala ya 27.9. Ukiwa na idadi halisi, tumia idadi halisi.

Kusoma ulichokipata

Sasa linganisha kwenda chini, ndani ya safu wima moja: 27.9 dhidi ya 45.7. Vimelea vilikutwa kwa watoto wachache zaidi, kwa kila mia, kwenye kundi lenye kinasaba. Kama kinasaba kisingekuwa na uhusiano wowote na vimelea, makundi yote mawili yangekaa karibu na 43.1, asilimia ya watoto wote. Ukitaka kuliona hilo kwa idadi ya vichwa: asilimia 43.1 ya watoto 43 ni kama 18 au 19. Waliopatikana ni 12.

Tofauti hiyo inaweza kutamkwa kwa namna mbili, na watu huzichanganya, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa kusudi. Ukitoa, 45.7 − 27.9, unapata pointi 17.8 za asilimia. Ukigawanya, 27.9 ÷ 45.7, unapata 0.61, yaani kundi lenye kinasaba lilikuwa na vimelea pungufu kwa asilimia 39 ukilinganisha na jingine. Zote ni kweli. Ya pili inavuma zaidi, kwa hiyo ndiyo utakayoiona kwenye kichwa cha habari. Binafsi huandika asilimia zote mbili za mwanzo na kumwachia msomaji afanye utoaji wake.

Mtego mwingine wa hapa ni wastani. 27.9 na 45.7 zina wastani wa 36.8, lakini asilimia ya watoto wote ni 43.1. Makundi hayalingani: moja lina watoto 43, jingine 247, na kubwa linavuta jibu upande wake. Usichukue wastani wa asilimia za makundi yasiyolingana. Rudi kwenye idadi, jumlisha 12 na 113, gawanya kwa 290.

Kugeuza sharti

Fanya sasa upande wa pili, ili uone kwa macho yako kwamba si kitu kimoja. Sharti ni vimelea, unagawanya kwa jumla za safu wima.

Kati ya wenye vimelea (125): wenye kinasaba 12, asilimia 9.6; wasio nacho 113, asilimia 90.4.
Kati ya wasio na vimelea (165): wenye kinasaba 31, asilimia 18.8, wasio nacho 134, asilimia 81.2.

Mtu akikimbilia ile 90.4 anaweza kutangaza: "Asilimia 90 ya watoto wenye malaria hawana kinasaba, kwa hiyo kutokuwa nacho ni hatari kubwa!" Polepole. Watoto wasio na kinasaba ni asilimia 85.2 ya watoto wote (247 ÷ 290). Hata pasipo uhusiano wowote wangejaza karibu sehemu hiyohiyo ya kundi la wagonjwa. Habari iko kwenye umbali kati ya 90.4 na 85.2, na umbali huo ni mdogo.

Ukitaka mfano wa kumwambia mtu asiyependa hesabu: kati ya wachezaji wa Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania, asilimia 100 ni wanawake. Kati ya wanawake wa Tanzania, wachezaji wa Twiga Stars hata kwenye desimali hawaonekani. Hakuna anayezichanganya hizo mbili. Ila zikivaa nguo za kitakwimu, tunazichanganya kila wiki.

Jedwali kubwa zaidi: Titanic

Safu zikiongezeka, hatua ni zilezile, lakini makosa yanapata pa kujificha. Tuchukue meli ya Titanic, iliyozama Atlantiki usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Hizi ni hesabu zinazotokana na uchunguzi wa serikali ya Uingereza. Ripoti nyingine hutofautiana kidogo kwa vichwa vichache.

| | Walionusurika | Waliokufa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Daraja la kwanza | 203 | 122 | 325 |
| Daraja la pili | 118 | 167 | 285 |
| Daraja la tatu | 178 | 528 | 706 |
| Wafanyakazi wa meli | 212 | 673 | 885 |
| Jumla | 711 | 1,490 | 2,201 |

Kundi lipi lilinusurika zaidi? Ukitazama safu ya kwanza kwa jicho, wafanyakazi wanaongoza kwa watu 212. Ukikokotoa kati ya manusura (gawanya kwa 711), bado wanaongoza: wafanyakazi 29.8%, daraja la kwanza 28.6%, la tatu 25.0%, la pili 16.6%.

Lakini aliyekuwa ndani ya meli usiku ule hakuwa akijiuliza manusura watatoka wapi. Alijiuliza, mimi niliye hapa, nafasi yangu ni ipi? Sharti ni kundi lake, gawanya kwa jumla ya safu mlalo:

Daraja la kwanza: 203 ÷ 325 = 62.5%
Daraja la pili: 118 ÷ 285 = 41.4%
Daraja la tatu: 178 ÷ 706 = 25.2%
Wafanyakazi: 212 ÷ 885 = 24.0%
Wote: 711 ÷ 2,201 = 32.3%

Waliokuwa wa kwanza wamekuwa wa mwisho, na hakuna namba hata moja iliyobadilika ndani ya jedwali. Wafanyakazi walikuwa wengi tu melini, basi wakawa wengi kila mahali: kati ya manusura, na zaidi sana kati ya maiti.

Sifa ya tatu inapojificha

Laiti ningeishia hapo ungeondoka ukiamini kwamba abiria wa daraja la tatu walikuwa na nafasi nzuri kidogo kuliko wafanyakazi, 25.2 dhidi ya 24.0. Sasa tenga wanaume na wanawake, ukokotoe upya.

| | Walionusurika | Jumla | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Wanaume, daraja la tatu | 88 | 510 | 17.3% |
| Wanaume, wafanyakazi | 192 | 862 | 22.3% |
| Wanawake, daraja la tatu | 90 | 196 | 45.9% |
| Wanawake, wafanyakazi | 20 | 23 | 87.0% |

Kwa wanaume, wafanyakazi wamewazidi wa daraja la tatu. Kwa wanawake, wafanyakazi wamewazidi tena, na kwa mbali. Ila ukiwachanganya, daraja la tatu linashinda. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilirudia mgawanyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Jibu liko kwenye sharti jingine: kati ya wafanyakazi 885, wanawake ni 23 tu, asilimia 2.6. Kati ya abiria 706 wa daraja la tatu, wanawake ni 196, asilimia 27.8. Na wanawake walitangulizwa kupanda boti za kuokolea: melini nzima walinusurika 344 kati ya 470 (73.2%), wanaume 367 kati ya 1,731 (21.2%). Daraja la tatu lilibebwa na wanawake wake. Wanatakwimu huita hali hii kitendawili cha Simpson.

Kwa kazi ya kila siku, maana yake ni kwamba ukilinganisha makundi mawili kwa asilimia yenye sharti, angalia kama yana mchanganyiko uleule wa umri, jinsia au hali ya ugonjwa. Hospitali ya rufaa inaweza kuonekana inaua kuliko zahanati kwa sababu tu wagonjwa mahututi wote wanapelekwa huko. Ukishuku sifa ya tatu, tengeneza jedwali moja kwa kila kundi la sifa hiyo, kama tulivyofanya hapa.

Kwenye lahajedwali

Ukiwa na Excel au programu nyingine ya aina hiyo, weka jedwali la Allison hivi: vichwa kwenye mstari wa 1 na kwenye safu A, namba za ndani kuanzia B2 hadi C3, jumla za kulia kwenye D, jumla za chini kwenye mstari wa 4. D4 ni 290.

Sharti likiwa safu mlalo, andika =B2/$D2 kisha nakili kulia na chini.
Sharti likiwa safu wima, andika =B2/B$4.
Bila sharti, =B2/$D$4.

Alama ya dola ndiyo inayobeba mzigo wote. Inafunga herufi au namba inayoifuata isihame unaponakili. $D2 inasema "baki kwenye safu D, lakini mstari uhame nami". Ukiisahau dola, kisanduku cha pili kitagawanywa kwa kitu kingine kabisa na Excel haitakuonya. Ongeza safu ya ukaguzi inayojumlisha asilimia zako. Isipotoa 1, yaani asilimia 100, rudi kwenye dola.

Orodha ghafi nayo inahesabika bila vijistari. Kama safu A ya orodha ina kinasaba (ndiyo/hapana) na safu B ina vimelea (ndiyo/hapana), basi =COUNTIFS(A:A,"ndiyo",B:B,"ndiyo") itakupa kisanduku cha kwanza. Angalia tahajia tu: "ndio" na "ndiyo" kwa kompyuta ni watu wawili tofauti, na daftari lililoingizwa na watu watatu litakuwa nazo zote mbili.

Zoezi

Allison hakuishia kwa watoto. Alifanya pia jaribio ambalo leo lisingepita kamati yoyote ya maadili: wanaume 30 Waluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati yao 15 walikuwa na kinasaba cha selimundu na 15 hawakuwa nacho. Vimelea vilishika kwa 2 wenye kinasaba, na kwa 14 wasio nacho. Chora jedwali, kisha ujibu:

1. Kati ya wenye kinasaba, asilimia ngapi walipata vimelea? Na kati ya wasio nacho?
2. Kati ya wote 30, asilimia ngapi walikuwa na kinasaba na wakapata vimelea?
3. Kati ya Waluo wote wanaopata malaria, asilimia ngapi wana kinasaba?

Majibu. Jedwali lina 2, 13, jumla 15. Kisha 14, 1, jumla 15. Chini 16, 14, jumla kuu 30.

La kwanza: 2 ÷ 15 = 13.3%, na 14 ÷ 15 = 93.3%. Linganisha na 27.9 na 45.7 za watoto: pengo limepanuka, lakini hapa kila safu ina watu 15 tu, na mtu mmoja ni karibu pointi 7.

La pili: 2 ÷ 30 = 6.7%.

La tatu ndilo lenye mwiba. Wengi wataandika 2 ÷ 16 = 12.5%, na kama swali lingekuwa "kati ya 16 waliopata vimelea kwenye jaribio" wangekuwa sahihi. Lakini swali limeuliza Waluo wote. Zile 15 kwa 15 zilipangwa na mtafiti mwenyewe. Nusu ya washiriki kuwa na kinasaba ni uamuzi wake, haikutokana na jinsi watu walivyo kijijini. Angechagua 10 na 20, ile 12.5 ingebadilika hata kama kinga ya kinasaba ingebaki ileile. Jumla za safu mlalo zikiwa zimepangwa na mtafiti, asilimia zenye sharti la safu mlalo unaweza kuzisoma kama kawaida, ila za safu wima usizipeleke nje ya jaribio. Jibu la swali la tatu haliwezi kutoka kwenye jedwali hili.